Usufi si Vumbi

Wahenga hawakukosea walipoonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii aghalabu hutolewa darasani kwa kufundishia malezi na maadili, ilhali ukweli wake hudhihirika pia jikoni na mahali pa kufulia. Kikaushio cha nguo kinachotumia gesi ni shahidi mmoja. Chombo hiki huhudumu kimya kwa miezi mingi, kisha dosari ndogo iliyopuuzwa hugeuka kuwa msiba. Mwalimu mmoja mstaafu wa Kiswahili jijini Nakuru aliujua ukweli huo pale mashine ya aina hiyo ilipoingia nyumbani mwake na kumrudisha kwenye kazi aliyodhani ameiaga: kutafuta neno linalofaa.

Jina Nakuru hunasibishwa na Kimaasai na kufasiriwa kuwa mahali pa vumbi. Aliyewahi kuanika shuka nyeupe katika miezi ya Januari na Februari hahitaji mwanaisimu wa kumthibitishia fasiri hiyo. Upepo ukivuma, shuka huanuliwa zikiwa na rangi ya udongo. Mvua za masika nazo zikianza, nguo hushinda kambani siku mbili bila kukauka, na nepi za mtoto mchanga huanza kunuka uvundo. Mwalimu alikuwa na mjukuu wa miezi mitatu. Si ajabu basi kwamba alifurahi pale mwanawe, aliyekuwa akirejea kutoka Marekani, alipoileta mashine hiyo pamoja na vyombo vyake vingine.

Furaha ya kwanza ilipozwa na fundi. Aliitazama mashine, akasoma kibandiko cha nyuma, akatikisa kichwa. Iliundwa kwa umeme wa volti 120 na hezi 60, ilhali umeme wa Kenya ni volti 240 na hezi 50. Transfoma huweza kushusha volti, lakini haibadilishi hezi. Mota iliyokusudiwa hezi 60 hupungua kasi kwa takriban sehemu moja ya sita, hupata joto zaidi, na feni yake husukuma hewa kidogo kuliko ilivyokusudiwa. Kwa sababu hiyo fundi alishauri mota ibadilishwe, na akaongeza kwamba anayenunua mashine mpya afadhali atafute iliyoundwa kwa umeme wa hapa nchini.

Suala la pili lilikuwa gesi yenyewe. Mashine ilikuwa imetegwa kwa gesi asilia inayopitishwa kwa mabomba hadi majumbani huko ilikotoka. Gesi ya mtungi inayotumiwa Nakuru ina joto la zaidi ya mara mbili kwa ujazo ule ule. Kuipitisha katika tundu lililotobolewa kwa gesi asilia ni kuukaribisha moto usiodhibitika. Isitoshe, Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa huko ni kama asilimia 80 tu ya lile la Mombasa. Hewa ikiwa nyepesi, oksijeni nayo hupungua, na tundu linalofaa pwani humimina gesi nyingi kuliko inavyoweza kuungua vizuri. Fundi alibadilisha tundu na vifaa vya vali kwa kuzingatia yote mawili, kisha akauwasha mwali na kuuchunguza. Mwali wa samawati, uliotulia, ni dalili njema. Mwali wa manjano wenye masizi huashiria kwamba gesi haiungui ipasavyo.

Baada ya fundi kuondoka kilibaki kitabu cha maelezo. Kilikuwa na lugha tatu: Kiingereza, Kihispania na Kifaransa. Binti aliyesaidia kazi za nyumbani, ambaye ndiye angeitumia mashine kila siku, hakuwa na mazoea ya kusoma hata moja kati ya hizo. Mtu aliyehitaji maonyo kuliko wote ndiye aliyefungiwa mlango wa kuyaelewa. Mwalimu alichukua daftari na kalamu, akaanza kutafsiri.

Utendakazi wa mashine haukumtatiza sana kuueleza. Feni huvuta hewa, hewa hupita juu ya mwali na kupata joto, huingia ndani ya pipa linalozungusha nguo, huchukua unyevu, hupita kwenye chujio, kisha hutolewa nje ya nyumba kwa bomba. Kidhibiti joto huuzima na kuuwasha mwali ili joto lisizidi kiasi. Alipofika kwenye zile nyuzi laini zinazong'oka katika nguo na kunaswa na chujio, Mwalimu alisita. Hatimaye aliandika: "Ondoa vumbi kila baada ya kukausha."

Kesho yake mashine ilikuwa ikimetameta. Binti alikuwa ameipangusa juu, ubavuni na mlangoni.

"Mwalimu, vumbi nimelitoa lote," alisema.

Mwalimu alilichomoa chujio. Lilikuwa limefunikwa na utando mnene wa rangi ya kijivu. "Na hili je, mwanangu?"

Binti aliushika utando ule, akauvuta kwa vidole. "Hili si vumbi, Mwalimu. Hili ni kama sufi ya mito."

Jibu hilo lilikuwa na hekima kuliko kamusi iliyokuwa mezani. Katika mahali pa vumbi, neno vumbi limezoeleka mno hata halimtishi mtu. Vumbi hupanguswa Jumamosi, na likisalia si neno. Usufi ni jambo jingine. Ni pamba ya msufi, ile inayojazwa mitoni, na kila aliyewahi kuusogeza karibu na kibiriti anajua unavyolipuka. Mwalimu alichukua kipande kidogo cha utando ule, akakiweka juu ya jiwe uani na kukiwasha. Kiliteketea kufumba na kufumbua. Binti alirudi nyuma hatua moja. Mwalimu alirejea kwenye daftari, akafuta vumbi na kuandika usufi.

Kuanzia hapo tafsiri ilienda kwa ushirikiano. Chujio lisafishwe kila baada ya kukausha. Likionekana safi lakini maji yakasimama juu yake badala ya kupita, basi limezibwa na utando wa vilainisha nguo, nalo lisuguliwe kwa brashi na maji ya vuguvugu yenye sabuni, kisha likaushwe kabla ya kurejeshwa. Bomba la kutolea hewa liwe la bati, wala si la plastiki, liwe fupi na lenye kona chache, na lisafishwe angalau mara moja kwa mwaka. Kifuniko chake cha nje kichunguzwe, maana ndege na panya hupenda kujenga humo. Nguo zilizoingia mafuta ya kupikia, petroli au mafuta ya taa zisitiwe ndani kamwe.

Onyo lililoandikwa kwa herufi kubwa kuliko yote lilihusu bomba hilo. Katika kikaushio cha gesi, hewa iliyopita motoni ndiyo inayopita nguoni na kutoka nje. Bomba likizibwa, hewa hiyo hurudi chumbani, nayo huweza kuwa na kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Mwalimu hakutosheka na jina hilo la kisayansi. Aliongeza: "Ni ile ile inayoua watu waliolala na jiko la makaa chumbani." Katika maeneo ya baridi ya Bonde la Ufa hakuna asiyeelewa sentensi hiyo. Gesi ya mtungi yenyewe hutiwa harufu makusudi ili ikivuja ijulikane, nayo ni nzito kuliko hewa, hivyo hutuama sakafuni. Viungo vya mpira wake hupimwa kwa povu la sabuni, si kwa kibiriti. Ikinusika, mtungi hufungwa, milango hufunguliwa, na hakuna swichi inayoguswa.

Ukurasa wa mwisho wa daftari ulikuwa wa dalili, na ulipata kazi mapema. Wiki moja ya mwezi wa Mei, nguo zilianza kutoka zikiwa na unyevu. Binti alifuata mpangilio ulioandikwa, wa kuanza na lililo rahisi. Mtungi ulikuwa na gesi na vali ilikuwa wazi. Chujio lilikuwa safi, na hewa ilitoka nje kwa nguvu. Kisha alichungulia kwenye kitundu cha kutazamia. Kiwashi kiliwaka chekundu, mwali ukatokea, joto likapanda, mwali ukazimwa na kidhibiti kama kawaida. Zamu ya pili kiwashi kiliwaka tena, kikazimika, lakini mwali haukutokea. Daftari lilisema wazi: ikiwaka mara ya kwanza ikiwa baridi, kisha ikashindwa ikishapata moto, shuku koili zinazofungua vali ya gesi. Laiti kiwashi kingeendelea kuwa chekundu bila kuzimika na bila mwali, lawama ingeelekezwa kwa kihisi cha moto. Na laiti pasingekuwa na wekundu wowote, kingechunguzwa kiwashi chenyewe au fyuzi ya joto, ambayo huungua hasa bomba linapozibwa. Binti alifunga mtungi na kumpigia fundi simu, akamweleza alichokiona. Fundi alikuja na koili mkononi.

Ikumbukwe kwamba kukausha kwa joto si jambo geni katika eneo hili. Huko Eburru, karibu na Naivasha, walowezi wa enzi za ukoloni waliutumia mvuke wa ardhini kukaushia pareto. Huko Menengai, Kampuni ya Uendelezaji wa Jotoardhi ilianzisha mwaka 2015 miradi ya majaribio ya kuutumia moja kwa moja mvuke huo, ukiwemo wa kufulia na kukaushia nguo. Kadiri vyombo hivi vinavyoongezeka ndivyo watakavyoongezeka watu wanaovihudumia, na wengi wao watafanya kazi hiyo kwa Kiswahili.

Hapa ndipo wajibu wa wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili unapojitokeza. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili katika kifungu cha 7 kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Kifungu cha 46 nacho kinampa mtumiaji wa bidhaa haki ya kupata maelezo anayoyahitaji ili anufaike nayo kikamilifu, na haki ya kulindwa afya na usalama wake. Vifungu hivi viwili havijakutana bado kwenye vitabu vingi vya maelezo. Mijadala ya istilahi katika makongamano ina manufaa yake, lakini istilahi ambayo haikupimwa na mtu aliyeshika chujio mkononi huweza kuwa sanifu na bado isimwokoe yeyote. Wanaounda istilahi wangefaidika wakiketi siku moja na mafundi wa gesi, madobi na wasaidizi wa nyumbani, wasikilize wanavyoviita vitu, kisha ndipo waandike.

Daftari la Mwalimu limetundikwa kwa uzi kando ya mashine. Kurasa zake zimeanza kuchakaa pembeni, na mahali pengi maneno yamekatwa na kuandikwa upya, mengine kwa mwandiko wa yule binti.