Matairi ya Kiangazi

Ilikuwa Jumatatu, tarehe 16 Desemba mwaka wa 2024. Jua la Nakuru lilikuwa likiwaka mithili ya tanuri na vumbi lilikuwa limetanda kila mahali. Inasemekana kwamba jina la Nakuru lilitokana na neno la Kimaasai linalohusu vumbi, na mwezi huo sikuwa na sababu ya kubisha. Nilikuwa nimeketi juu ya tairi kuukuu katika gereji ya mjomba, mikono imejaa grisi, nikisoma jarida la magari la Marekani ambalo mteja mmoja alikuwa amelisahau na hakurudi kuliulizia.

"Wewe msomi," mjomba aliniita kutoka uvunguni mwa gari, "hebu niambie hao Wamarekani wanasema nini kuhusu otokrosi."

Mpenzi msomaji, hapo ndipo masaibu yangu yalipoanzia.

Mjomba ni fundi wa magari na ugonjwa wake ni mbio. Tangu Safari Rally irudi katika mashindano ya dunia mwaka wa 2021, kila ikifika Naivasha yeye hufunga gereji na mteja humpati ng'o! Mguse tu kuhusu Joginder Singh, aliyeshinda Safari miaka ya 1965, 1974 na 1976, au Shekhar Mehta aliyeishinda mara tano, na chakula kitapoa mezani. Yeye mwenyewe hana pesa za rali. Ana Toyota Starlet ya sisi 1300 ambayo siku za kazi hubebea vipuri, na Jumapili chache za mwaka hushindana nayo katika otokrosi ya kirafiki. Ni mafundi wenzake na wenye magari wachache, katika uwanja wa udongo nje ya mji. Mnazunguka njia fupi yenye kona nyingi, kila gari linapigiwa saa, na mwenye muda mdogo ndiye bingwa. Zawadi ni soda na kelele.

Nilimsomea makala yote, huku nikitafsiri sentensi baada ya sentensi. Sitaficha kwamba nilijisikia mkubwa. Ilisema kwamba dereva wa ridhaa mwenye pesa kidogo asihangaike na injini. Aanze na matairi, kwani gari hugusa ardhi kwa viraka vinne tu, kila kimoja kama ukubwa wa kiganja. Ilisema achague tairi pana, lenye ubavu mfupi na mifereji michache, na mpira laini unaonata. Nilimweleza kuhusu ile namba ya uchakavu inayopigwa ubavuni: tairi la kawaida huwa na 400 au zaidi, tairi la mashindano ya wikendi huwa na 200, na kadiri namba inavyoshuka ndivyo mpira unavyonata na kuisha upesi. Chama cha SCCA huko Marekani hakiruhusu chini ya 200 katika madaraja yake ya magari ya barabarani. Fauka ya hayo, mzunguko mmoja wa otokrosi huchukua kama dakika moja, kwa hiyo tairi linalohitaji muda mrefu kupata moto halifai. Linatakiwa linate tangu kona ya kwanza.

"Na hayo matairi yanaitwaje?" mjomba akauliza.

Nikatazama neno la Kiingereza, "summer". Nikajibu bila kusita, "Yanaitwa matairi ya kiangazi, mjomba."

Alitoka uvunguni. Akatazama jua, akatazama vumbi la barabarani, akatabasamu. "Si hiki ndicho kiangazi chenyewe?"

Nami nikasema ndicho.

Alikuwa na shilingi 36,000 ndani ya kopo la rangi. Zilikuwa pesa za kompresa. Bila kompresa hawezi kupaka gari rangi, na wateja wa rangi humpita wakaenda kwa jirani. Hata upepo wa magurudumu tulikuwa tukijaza kwa pampu ya mguu, jambo lililowachekesha sana madereva wa bodaboda. Jumatano tulikwenda kwa mtu anayeuza rimu na matairi yaliyotumika, tukapata seti ya 195/50R15 pamoja na rimu zake. Kwa asiyejua, 195 ni upana kwa milimita, 50 ni kimo cha ubavu kikiwa asilimia ya upana huo, na 15 ni inchi za rimu. Ubavuni paliandikwa 200, kama nilivyosoma. Nilifurahi utadhani nimepata alama A ya Kemia.

Mjomba hakufurahi mara moja. Alichutama, akabonyeza mpira kwa ukucha wa kidole gumba, akapapasa ubavu kwa muda mrefu. Kisha akanionyesha tarakimu nne nilizokuwa sijaziona kabisa: 3517.

"Wiki ya 35, mwaka wa 2017. Miaka saba. Mpira umeanza kukauka huu."

"Lakini meno bado yapo, mjomba. Na ni ya kiangazi."

Akanitazama. "Haya. Wewe ndiye umesoma."

Pesa zikahesabiwa. Jioni mkaza mjomba alipoambiwa, aliweka sufuria chini polepole. "Kwa hiyo kompresa imegeuka matairi? Baba watoto, usiache mbachao kwa msala upitao." Mjomba alicheka peke yake. Mimi nilikula kwa haraka nikaenda kulala.

Mashindano yalikuwa Jumapili tarehe 29. Starlet ilipendeza ajabu na rimu zile. Hata watoto waliizunguka kuigusa. Mwezi uliotangulia, kwa matairi yake ya zamani ya 165/70R13, mjomba alikuwa amezunguka kwa dakika 1 na sekunde 44. Nilisimama karibu na kona ya tatu, nje ya kamba, nimemshika mkono binamu yangu wa miaka sita, nikingoja rekodi ivunjike.

Lo! Gari lilipofika kona ya kwanza lilikataa kugeuka. Magurudumu ya mbele yalikuwa yamekunjwa lakini gari likaendelea kwenda mbele, kama mtu aliyevaa kandambili juu ya sakafu iliyomwagika unga. Vumbi lilikuwa limejaa kwenye ile mifereji michache na tairi likawa laini kama chupa. Muda: dakika 1 na sekunde 52. Fundi mmoja mwenye Corolla yenye kutu na matairi membamba yenye meno makubwa alizunguka kwa sekunde 43 juu ya dakika. Watu walianza kuuliza rimu zile zilinunuliwa kwa shilingi ngapi.

Zamu ya pili mjomba aliingia na hasira. Kwenye kona ya tatu Starlet iliteleza upande, ikaacha njia, ikaja moja kwa moja tulipokuwa. Nilimvuta binamu yangu nyuma hadi tukaanguka wote wawili. Nikasikia kishindo, kisha mlio kama wa nyoka. Vumbi lilipotulia, gari lilikuwa limesimama hatua nne hivi kutoka kwenye kamba. Gurudumu la mbele la kushoto lilikuwa limekumbana na jiwe lililojificha udongoni. Ubavu ulikuwa umechanika upana wa kiganja na rimu imepinda. Bila jiwe lile sijui tungekuwa wapi. Binamu yangu alikuwa akicheka. Alidhani ni sehemu ya mchezo.

Usiku ule usingizi ulinipaa. Nililichukua jarida nikasoma upya, safari hii pamoja na maelezo ya picha niliyokuwa nimeyaruka. Picha zote zilionyesha uwanja mkubwa wa lami, kama wa kuegeshea magari, umepangwa koni. Huko gari huenda moja moja kati ya koni hizo, na kila koni unayoiangusha unaongezewa sekunde mbili. Hapakuwa na kokoto hata moja. Otokrosi yao na otokrosi yetu ni majina pacha ya vitu viwili mbalimbali.

Na lile neno! Kwao mwaka una majira ya baridi na theluji, na mpira wa matairi hayo huanza kuwa mgumu joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi. Ndiyo maana yakapewa jina hilo: ni ya majira ya joto. Hayahusiani na ukavu wala vumbi. Hata mvua ya majira hayo yametengenezwa kuikabili. Lakini mwambie Mkenya "kiangazi" uone anachofikiria: ardhi kupasuka, ng'ombe kukonda, barabara kugeuka unga. Watu wa Pwani wana kaskazi, masika, kipupwe na vuli, kila moja na upepo wake na mvua yake au ukosefu wake, na hakuna hata moja lenye theluji. Kamusi ilikuwa imenifundisha neno moja kwa neno moja, nami sikuuliza neno hilo linakaa wapi. Laiti ningalisema "matairi ya lami yenye joto", mjomba angalicheka akarudi uvunguni mwa gari.

Kwenye udongo uliolegea hesabu nyingi hugeuka. Tairi jembamba hukata vumbi likafika kwenye ardhi ngumu iliyo chini. Pana huelea juu. Meno makubwa yenye nafasi kati yake huuma na kujisafisha. Ubavu mrefu humeza pigo la jiwe kabla halijafika kwenye rimu. Nilipiga hesabu kwenye daftari: 165/70 ina ubavu wa milimita 115 na nusu, 195/50 ina milimita 97 na nusu. Tulikuwa tumelipa shilingi 36,000 kuondoa milimita 18 za kinga.

Asubuhi nilimwendea mjomba nikamweleza yote, na neno lile, na picha nilizoruka. Maneno yalinikwama kooni. Alikuwa akiosha mikono kwa petroli na hakuniangalia.

"Mimi nilijua pale pale nilipoligusa," akasema. "Ubavu mfupi, mpira mkavu. Lakini nikajiambia, huyu kijana anasoma, na hiyo karatasi imetoka Marekani, mimi ni nani? Sasa nikasirike na wewe ama na mimi?"

Sikuwa na jibu. Heri angenigombeza.

Matairi matatu yaliyobaki na rimu zake aliyauza kwa shilingi 15,000 kwa kijana anayependa gari lake lionekane likipita mjini; kwenye lami yatamfaa kidogo, nasi tulimwonyesha ile 3517 kabla ya kupokea pesa zake. Kwa sehemu ya pesa hizo mjomba alinunua matairi manne ya saizi ya zamani, yenye meno mapana na ubavu mnene. Safari hii alinikabidhi nisome maandishi, yeye akafumba macho akayapapasa moja baada ya jingine, na hakuna lililonunuliwa mpaka sote wawili tulipokubaliana. Mawili tuliyarudisha kwenye rundo: moja mimi nililikataa kwa tarehe, jingine yeye alilikataa kwa kidole gumba tu, na hakueleza kwa nini.

Likizo ya Aprili 2025 alizunguka kwa dakika 1 na sekunde 41. Alikuwa wa tatu. Kamba ya watazamaji ilikuwa imesogezwa nyuma zaidi ya kona ya tatu, na mkaza mjomba alikuja kwa mara ya kwanza, akamshika binamu yangu mwenyewe.

Kompresa bado haijanunuliwa. Kopo la rangi lina shilingi 9,000 na mkaza mjomba ndiye anayelificha siku hizi. Upepo tunajaza kwa pampu ya mguu kama kawaida, na kila nikifunga shule zamu ya kuikanyaga ni yangu mpaka siku ya kufungua.

Mwanachama, Kidato cha Nne