Wimbo wa Kuazima na Deni Lake

Wimbo mzuri haukai kwao. Mwaka 1987 mwanamuziki wa Marekani, Stevie Wonder, alitoa santuri iliyoitwa Characters, na miongoni mwa nyimbo zake mlikuwa na mmoja uitwao Free, yaani Huru. Baada ya miaka michache wimbo huo ulipata sauti ya pili, tena ya Kiswahili. Khadja Nin, mwimbaji aliyezaliwa Burundi mwaka 1959, akahamia Zaire na kisha Ubelgiji, aliuimba upya kwa jina la Sina Mali, Sina Deni. Mwaka 1996 ulisikika Ulaya pamoja na santuri yake ya Sambolera.

Jina la Kiingereza lina neno moja tu. La Kiswahili lina maneno manne, na ndani yake mna mizani: upande huu ufukara, upande ule amani. Huko Muyinga, karibu na mpaka wa Tanzania, ambako Kirundi ni lugha ya nyumbani na Kiswahili ni lugha ya soko na safari, maneno hayo hayahitaji mkalimani. Kila mwenye jina katika daftari la dukani huyaelewa.

Mathalani, askari yuko kambini Gitega, na mkewe na watoto wamebaki Muyinga. Mshahara ni wa mwisho wa mwezi, lakini sabuni, chumvi na daftari za shule havingoji tarehe. Mama hukopa kidogo kidogo. Naye bwana, kwa kuona haya mbele ya wenzake, hukopa kwake bila kumwarifu. Siku ya malipo madeni mawili hukutana juu ya mshahara mmoja, na hapo ndipo ugomvi huzaliwa. Wahenga walisema, kukopa harusi, kulipa matanga. Hata hivyo, kinachovunja nyumba aghalabu si deni lenyewe, bali ni lile lililofichwa. Yafaa mume na mke wajue kwa hesabu kamili nani anawadai, na kiasi gani, kabla fedha haijafika mkononi.

Wimbo nao huweza kuwa na deni. Malaika, uliorekodiwa na Fadhili William mjini Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1960, ni kilio cha kijana aliyekosa fedha za kuoa. Miriam Makeba aliuimba, kundi la Boney M. likautoa mwaka 1981, na Angélique Kidjo akaurudia mwaka 1991. Umezunguka dunia, lakini Fadhili William alifariki mwaka 2001 mabishano yangali yapo juu ya mtunzi wake wa kweli, kwani wengine humtaja Adam Salim. Wimbo wa asiye na mali umewapa wengi sifa, na anayestahili kulipwa bado anabishaniwa.

Khadja Nin hakuficha alikoazima: jina la Free liliandikwa kando ya lile la Kiswahili. Wala hakurudisha kitu kilekile alichokichukua, bali alikiongezea maana ambayo mwenyewe hakuwa nayo. Basi kuazima si aibu, ikiwa mwenye mali anatajwa na haki yake inamfikia. Ndivyo ilivyo kwa wimbo, na ndivyo ilivyo kwa kilo ya sukari iliyoandikwa katika daftari la jirani.