Safari ya Kwenda Bariadi Kumshonesha Mtoto Jeraha

Nchi tukaayo yaitwa Simiyu kwa ajili ya mto wake. Mto huo hutoka upande wa mashariki, katika nyika za Serengeti, hupita katika nchi yetu, kisha huingia katika ziwa la Victoria upande wa Magu. Mgeni akija mwezi wa Agosti atacheka akiambiwa kwamba mto ndio huu, maana ataona mchanga mtupu, na wanawake wakichimba visima humo mchangani wapate maji. Walakini na akae hata mvua za vuli zinyeshe usiku mmoja, tena aamke asubuhi atazame, hatacheka.

Mkoa wenyewe ni mchanga bado. Ulikatwa katika mikoa ya Shinyanga na Mwanza mwaka 2012, ukapewa wilaya tano, ndizo Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega, na mji wake mkuu ni Bariadi, katika nchi ya Wanyantuzu. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2012 tulikuwa 1,584,157. Katika hesabu ya mwaka 2022 tulikuwa 2,140,497. Basi kwa miaka kumi tumeongezeka zaidi ya nusu milioni, na kila aingiaye katika ua wa Msukuma huona mwenyewe jinsi watoto walivyo wengi kuliko wazee. Twataja hesabu hizi kwa kuwa tunataka kusimulia habari ya mtoto mmoja tu, na jeraha lake, na njia tuliyopita naye.

Msukuma huujua udongo kwa majina yake. Luseni ni wa mchanga, mwepisi kwa jembe. Ibambasi ni mgumu kama sakafu. Na mbuga ni ule mweusi, mzito, upasukao wakati wa jua na kunata wakati wa mvua. Pamba yataka kupandwa mapema, mvua zikianza mwezi wa Novemba, wala hakuna mwenye ng'ombe wa kukokota ambaye siku hizo hulala. Plau hutolewa ghalani, husuguliwa kutu, hulazwa karibu na zizi tayari kwa alfajiri. Hapo ndipo watoto wetu wanapoumia. Mwaka mzima hukatwa na panga, na bati la paa, na chupa. Visigino vyao hunaswa na waya za gurudumu wapakiwapo nyuma ya baiskeli (jambo hili tumeliona mara nyingi, na wazazi bado huwapakia bila kuwafunga miguu). Lakini majira ya kulima ni majira ya plau.

Mtoto tumsemaye ni wa kike, wa miaka minne, wa jirani yetu upande wa Itilima. Alikuwa akimkimbiza ndama, akajikwaa, akaangukia chuma cha plau kwa paji la uso, juu kidogo ya nyusi. Nyama ilifunguka hata mfupa ukaonekana mweupe. Nasi tuliposikia kelele tulikwenda, maana nyumba zetu zimepakana, tukakuta ua umejaa watu, na kila mtu ana dawa yake mkononi. Bibi yake alikuwa na majivu. Mwingine alileta mafuta ya taa katika kibatari. Kijana mmoja amekwisha kukimbia dukani kununua vidonge vya rangi mbili, avipasue na kumwaga unga wake katika jeraha. Mama yake alikuwa amempakata, hasemi neno, na damu inamtiririka mtoto hata kifuani.

Damu ya kichwa hutisha kuliko ilivyo. Ngozi ya kichwa na uso ina mishipa mingi, hata jeraha dogo hutoa damu kama ya kuchinja kuku. Tuliomba kanga safi, tukaikunja, tukaikandamiza juu ya jeraha kwa kiganja, bila kuinua kuchungulia, muda wa dakika kumi hivi. Watu wengi hushindwa hapo. Huinua kila mara watazame kama damu imekoma, na kwa kufanya hivyo huiamsha tena. Ilipokoma, tulifunga kitambaa, tukasema, "Mtoto huyu ashonwe leo."

Babu yake akatujibu kwa upole, "Mwalimu, jeraha la kichwa hupona lenyewe. Tazama hili langu." Akavua kofia, akatuonyesha kovu pana katika paji, kama mfereji, alilopata utotoni kwa pembe ya fahali.

Hatumlaumu mzee yule. Ng'ombe waliofungwa nira asubuhi ile walikuwa wa kuazima, nao walitakiwa kurudi kwa mwenyewe jioni. Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Baba wa mtoto akienda mjini, siku ya kulima imepotea, na pamba iliyochelewa kupandwa ni deni la mwaka mzima. Tena fedha za pamba za mwaka uliopita zilikuwa zimekwisha, kama zinavyokwisha katika nyumba nyingi ifikapo Novemba. Mzee alikuwa akipima njaa ya watu tisa na uso wa mtoto mmoja. Shauri likakatwa hivi: baba abaki shambani na plau, mama aende na mtoto, nasi tufuatane nao. Bibi akayamwaga majivu. Kabla hatujatoka akaingia ndani, akamfungia mama fedha kidogo katika pindo la kanga, pamoja na kadi ya kliniki ya mtoto.

Kwanza tulifika zahanati. Tabibu aliliosha jeraha, akalifunga vema, akatuambia kwamba uzi wa kushonea umekwisha tangu juma lililopita, akatuandikia barua ya kwenda nayo Bariadi. Mama akatutazama. Twadhani kama angalikuwa peke yake angalirudi nyumbani, maana bandeji nyeupe humfanya mtu aamini ya kuwa kazi imekwisha.

Tukapanda bodaboda, watu wanne pamoja na mtoto na mwenye pikipiki, jambo lisilopendeza. Tulipofika kwenye mbuga tulishuka, maana gurudumu lilijaa udongo hata likakataa kuzunguka. Mama akavua ndala, akaenda peku, mtoto mgongoni, na kila hatua udongo ukimwongezea uzito miguuni. Mwenye pikipiki alikwangua tope kwa kijiti, akasukuma, akakwangua tena. Katika kijito maji yalikuwa ya magoti. Tulipovuka ndipo mtoto alipoanza kusinzia, nasi tukashikwa na hofu. Mtoto aliyepigwa kichwani aweza kusinzia kwa kuchoka na kulia, tena aweza kusinzia kwa sababu ubongo umeumia. Alama za hatari ni hizi: kutapika mara kwa mara, kifafa, maji au damu kutoka masikioni au puani, mboni moja ya jicho kuwa kubwa kuliko nyingine, na usingizi ambao mtu haamki. Basi tulimwamsha mara kwa mara, tukamwuliza jina la ndama. Kila mara alilitaja, na mara ya nne alilitaja kwa hasira, tukafurahi sana. Kwenye barabara kubwa tulipata gari la abiria, na mama akakaa dirishani mpaka Bariadi bila kutazama nje.

Bariadi pana hospitali ya zamani ya Somanda, na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa iliyojengwa Nyaumata. Watu wa umri wetu hukumbuka siku ambapo jeraha lililoshinda zahanati lilipelekwa Shinyanga, au Mwanza katika hospitali ya Bugando iliyofunguliwa mwaka 1971. Nao mpango wa chumba cha dharura, yaani mahali palipowekwa tayari mchana na usiku kwa watu waliopatwa na jambo la ghafula, si wa zamani katika nchi yetu. Idara ya kwanza iliyokamilika ya namna hiyo ilifunguliwa Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 2010, na tangu hapo mpango huo umefika katika hospitali nyingi za mikoani.

Yafaa wazazi wajue desturi ya mahali hapo, maana mama wetu ilimwudhi. Tulipokuwa tumekaa, aliletwa mwanamume baada yetu, akaingizwa kwanza. Mama akanong'ona, "Kwa sababu sisi ni watu wa shamba." Sivyo. Katika chumba cha dharura hawafuati nani alitangulia kufika, bali nani yu karibu na kufa. Mwuguzi alikuwa amemtazama mtoto mlangoni, akaona damu imekoma, macho ni sawa, ajibu akiulizwa, akajua aweza kungoja. Yule mwanamume alikuwa akipumua kwa shida. Mama alipoona wanavyomkimbilia na hewa ya mtungi, akanyamaza, kisha akampisha ndugu wa yule mtu kwenye benchi.

Zamu yetu ilipofika, tabibu hakutangulia kushona. Alimkunja mtoto katika kanga ya mama, mikono ndani, kama afungwavyo mtoto mchanga, akamwambia mama akae kichwani aonekane uso wake. Kisha akachoma sindano ya ganzi kando ya jeraha, pole pole. Hapo mtoto alilia sana, nasi tulitazama ukuta. Baada ya ganzi kuingia, akaosha, na kuosha kulichukua muda kuliko kushona. Maji yalimiminwa tena na tena, zikatoka chembe za udongo mweusi na kutu ya plau. Tabibu alitueleza ya kwamba jeraha lililoshonwa na uchafu ndani yake ni baya kuliko lililoachwa wazi, kwa kuwa vijidudu hufungiwa humo kama mwizi aliyefungiwa ghalani. Ndiyo maana majivu na mafuta ya taa humpa tabibu kazi mbili. Ndiyo maana pia majeraha mengine hayashonwi upesi, kama yale ya kuumwa na mbwa, ambayo huoshwa sana kwa maji na sabuni na kuhitaji chanjo ya kichaa cha mbwa.

Alipoanza kushona, mtoto alikuwa amenyamaza, akitazama taa. Akauliza, "Mayu, wananishona kama nguo?" Mama akacheka, mara ya kwanza tangu asubuhi. Zikapita nyuzi tano.

Kisha tabibu aliuliza kadi. Pindo la kanga likafunguliwa. Ilionekana kwamba mtoto alichanjwa akiwa na wiki 6, na 10, na 14, na katika chanjo hiyo imo kinga ya pepopunda. Tumezika watoto kwa pepopunda zamani, na aliyewahi kuona taya zilivyokaza hawezi kusahau. Kwa hiyo tuliisoma kadi ile mara mbili, ijapokuwa tabibu amekwisha kuisoma.

Kwa matibabu hatukutozwa kitu, kwa kuwa mtoto hajatimiza miaka mitano, na ndiyo sera ya nchi katika hospitali za serikali. Bodaboda na gari ndivyo vilivyomaliza fedha za bibi. Tuliambiwa jeraha lisilowe siku mbili, na likivimba, likiwa jekundu na la moto, au likitoa usaha, turudi bila kungoja. Nyuzi za usoni hutolewa baada ya siku tano hivi, zisije zikaacha alama. Za kichwani siku saba hata kumi. Za mguuni hukaa hata siku kumi na nne, maana ngozi ya huko hupona polepole.

Usiku ule tulilala kwa ndugu mmoja mjini. Mvua ilinyesha. Kesho yake kijito cha maji ya magoti kilikuwa kimefika kifuani, tukakaa ukingoni pamoja na watu wengine na mbuzi wao mpaka saa nane, maji yalipopungua.

Siku ya tano nyuzi zilitolewa papo hapo zahanati ya kwetu, kwa mkasi mdogo, wala mtoto hakulia. Alitaka apewe nyuzi zake, akapewa mbili katika karatasi. Babu naye alikuja siku hiyo, shamba likiwa limekwisha kupandwa. Akainama, akapitisha kidole chake kando ya ule mstari mwembamba, kisha akajishika paji lake mwenyewe. Akamwuliza mwuguzi kama lile lake laweza kushonwa sasa. Mwuguzi akamjibu kwa heshima, "Guku, umechelewa miaka sitini."