Usukani wa 109

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Katavi ilikuwa bado si mkoa. Sisi wa Kasansa tulikuwa Wilaya ya Mpanda, Mkoa wa Rukwa, na mkoa huu tulionao leo ulikuja mwaka 2012. Gari likiingia kijijini, watoto walilisikia kabla hawajaliona. Mara nyingi ilikuwa Land Rover 109 kuukuu, imekuja kuchukua mpunga au ufuta. Ikishapakia, ilirudi kwa njia ya Mamba, Majimoto na Kibaoni, ikakata Hifadhi ya Katavi hadi Sitalike, kisha ikashusha mzigo Mpanda mjini, ambako reli ya kutoka Kaliua inaishia.

Barabara hiyo ilikuwa adui wa usukani. Kiangazi magurudumu ya mbele yaligongwa na mawe na makorongo tangu chini ya safu ya Lyamba lya Mfipa. Masika udongo mweusi wa mbugani ulichimbika mitaro mirefu, na gari lililoingia humo lilivutwa kulia na kushoto kutwa nzima. Ndani ya hifadhi nyati au twiga hutokea ghafla, na dereva hana muda wa kuzungusha usukani nusu mzunguko wa bure ndipo magurudumu yaanze kuitika. Ndiyo maana madereva wa njia ile walimheshimu sana fundi wetu. Nilikuwa kijana, nikijifunza kazi kwake chini ya mwembe, na kila mtu alimwita Mzee.

Siku moja ililetwa 109 iliyokuwa imetoka kutengenezwa mjini. Dereva alilalamika kwamba kwenye barabara iliyonyooka inatangatanga, na kwenye kona stelingi inakuwa nzito na hairudi yenyewe. Mzee alitazama skrubu ya ubavuni mwa stelingi boksi. Nati yake ilikuwa na alama mpya za spana. Akatikisa kichwa. Aliyelitengeneza alikuta usukani umelegea, akakimbilia skrubu ile na kuikaza hadi mwisho.

"Mwanangu, panda ushike usukani," aliniambia. "Usiuzungushe. Utikise tu, kulia na kushoto, ukianza kuwa mzito unarudi."

Nikawa natikisa. Yeye alilala chini, akaanzia kwenye boksi lenyewe kuona kama bolti zinazolishika kwenye chesisi zimelegea. Kisha akaifuata nguvu ya usukani njia yake yote. Gari lile lina boljointi sita, na kwenye kila moja aliweka kidole, nusu juu ya fimbo na nusu juu ya mkono unaoshikana nayo. Kama vyote viwili vinaondoka pamoja, jointi ni nzima. Kama kimoja kinatangulia na kingine kinafuata, hapo pamekwisha. Alizipata mbili zilizokwisha. Akaja kwenye rilei, ile nguzo iliyosimama ndani ya chesisi mbele, akashika mkono wake wa juu na wa chini. Vilikwenda pamoja, ila mafuta yalikuwa yamekauka, akajaza.

Baada ya hapo tukapiga jeki gurudumu la mbele. Alilishika juu na chini, akalisukuma na kulivuta, likacheza. Akaniambia nikanyage breki, akatikisa tena, na mchezo ukabaki palepale. Akanieleza kwamba mchezo ukiisha mtu akikanyaga breki, tatizo ni beringi za gurudumu. Ukibaki, ni kingipini. Tukafungua upande ule, akapunguza vibati vyembamba vinavyowekwa pale ili pini ibane. Alipima ubanaji kwa mzani wa ndoano alioazima kwa mwenye bucha: aliunasa kwenye mkono wa kugeuzia gurudumu, tairodi ikiwa imefunguliwa, akavuta na kusoma uzito. Kitabu cha gari chenyewe kinaagiza ipimwe hivyo.

Boljointi tulizisubiri. Ziliagizwa Mpanda, kule nako zikaagizwa Tabora, zikaja kwa treni, na gari lilikaa chini ya mwembe hadi mwenye gari akakasirika. Mzee hakulitoa. Alisema mzigo wa mpunga unaweza kusubiri, lakini watu wanaokaa juu ya magunia hawana pa kujishikia dereva akipoteza njia.

Boljointi zilipofika na kufungwa zote ndipo alipoigusa skrubu ya boksi, na kwanza aliilegeza. Magurudumu yakiwa yamenyooka mbele na hayagusi chini, aliikaza kidogokidogo huku akitikisa usukani, mpaka mchezo wa katikati ukabaki mdogo. Akaishika kwa bisibisi isizunguke, akafunga nati. Halafu akazungusha usukani mpaka mwisho kulia na mpaka mwisho kushoto, akisikiliza kama kuna mahali panapokwama. Sababu yake ni hii: gari hutembea zaidi likiwa limenyooka, kwa hiyo boksi huliwa zaidi katikati. Anayekaza hadi mchezo wa katikati uishe kabisa anabana pembeni ambapo chuma bado ni kizima. Hapo ndipo kona zinapokuwa nzito na boksi linapojisaga.

Mwisho akakata ufito ulionyooka, akaupima kati ya rimu mbili za mbele, kwanza upande wa nyuma kisha upande wa mbele. Kwa Land Rover hizo mbele panatakiwa pawe pafinyu kuliko nyuma kwa milimita 1.2 hadi 2.4. Alilegeza vibano vya tairodi, akaizungusha mpaka tofauti ikawa kama unene wa sarafu, akafunga.

Dereva alilipeleka hadi Mamba na kurudi. Alisema anaweza kushika usukani kwa mikono miwili bila kupigana nao. Gari likapakia mpunga likaondoka.

Tangu wakati huo nimefungua magari ya kila aina, na utaratibu wa Mzee haujawahi kuniangusha. Usukani uliolegea ni mkusanyiko wa ulegevu mdogo mdogo kwenye jointi, kingipini, beringi na bolti, na skrubu ya boksi ndiyo ya mwisho kuguswa. Akianza nayo, fundi hunyamazisha dalili na kuiacha boljointi iliyokwisha iendelee kungoja siku ya kuchomoka. Vijana mnaofungua gereji leo Majimoto, Usevya na Mpanda, mteja akiwaambieni kaza tu nina haraka, msimsikilize. Mwambieni apande ashike usukani, nanyi mlale chini mkague jointi moja baada ya nyingine.