Dawa na Neno Lake

Sisi wauguzi tunajua kupiga sindano, kuhesabu vidonge na kuandika fishi. Lakini kumweleza mgonjwa dawa yake, je, tunajua? Wasomaji wapenzi, sikilizeni kosa letu.

Mzee mmoja alifika kwetu amekonda, akikohoa majuma mengi. Tulipeleka makohozi yake laboratwari. Jibu liliporudi, tulimwambia mlangoni, mbele ya watu: «Baba, ni pozitifu.» Mzee akapiga makofi, akamshukuru Mungu. Watoto wake waliosoma hutumia neno hilo kwa kusifu jambo jema! Sisi tukacheka, tukampa vidonge: «Meza kila asubuhi, miezi 6.» Basi.

Siku ya tatu mkojo wake ukawa mwekundu. Akaogopa: «Dawa hii inanitoa damu!» Akavitupa vidonge chooni. Aliporudi baada ya miezi miwili alikuwa akikohoa damu ya kweli, na mjukuu wake aliyelala naye chumba kimoja alikuwa amekwisha kuanza kukohoa.

Nani alikosa? Si mzee. Dawa iitwayo rifampisini hugeuza rangi ya mkojo, jasho, hata machozi, yakawa kama maji ya machungwa au mekundu. Si damu, wala si sumu. Maneno kumi yangalitosha. Hatukuyasema.

Tangu siku ile tunamketisha mgonjwa kitini, mbali na masikio ya wengine. Hatusemi «pozitifu». Tunasema: «Baba, katika makohozi yako tumeona vidudu vya kifua kikuu. Dawa ya kuviua iko. Miezi 2 ya kwanza utameza dawa za namna 4, na miezi 4 ya nyuma namna 2.» Tunamwonya juu ya mkojo. Kisha tunamwuliza: «Mama akikuuliza nyumbani, utamjibu nini?» Akikosea katika kujibu, tunajua ni sisi tulioeleza vibaya, nasi tunaanza tena.

Hatari nyingine iko mwisho wa mwezi wa pili. Mara nyingi makohozi yamekuwa safi, mgonjwa amenenepa, naye anataka kuacha. Hapo tunamwambia: «Umekata majani ya shamba, mizizi imebaki.» Vidudu vilivyobaki, dawa ikiachwa katikati, vinaweza kuwa sugu, na kuviua ni kazi ndefu zaidi.

Mzee wetu alianza upya, akamaliza. Mjukuu pia alitunzwa, akapona. Siku ya kuaga mzee alisema: «Wanangu, mngaliniambia mwanzoni, mtoto huyu asingalikohoa.» Hatukuwa na jibu.

Bwana Yesu alisema na wagonjwa kama watu, si kama namba za fishi. Wauguzi wenzetu, tusimpe mgonjwa kidonge bila kumpa na neno lake.