Risasi Iliyomo Redioni

Wahenga walisema vyaelea vimeundwa. Redio inayotusomea taarifa ya habari na simu tunazobeba mifukoni nazo zimeundwa, na kinachoshikanisha viungo vyake ni matone madogo ya lehemu ambayo wengi wetu hatujapata kuyaona. Kwa miaka mingi lehemu hiyo ilikuwa mchanganyiko wa bati, sehemu 63 kwa 100, na risasi, sehemu 37. Huyeyuka kwenye nyuzijoto 183, ikaganda mara moja na kung'aa. Tarehe 1 Julai 2006 sheria ya Umoja wa Ulaya ilianza kuzuia risasi katika vifaa vingi vya umeme vinavyouzwa huko. Bunge letu halikuitunga sheria hiyo, lakini viwanda vikubwa havikuona faida ya kuunda simu za namna mbili, za Ulaya na za kwetu. Hivyo lehemu mpya ikatufikia bila kubisha hodi.

Huenda msomaji akajiuliza mwanafunzi wa fasihi anahusiana vipi na mambo haya. Kaka yangu ni fundi wa redio na simu jijini Nairobi, karibu na barabara ya Luthuli, naye aliniomba nimwandikie ukurasa mmoja wa Kiswahili wa kuwaelekeza vijana watatu anaowafunza kazi. Neno la kwanza tu likazua kicheko. Nilipowasomea "lehemu isiyo na risasi," waliuliza redio ilianza lini kubeba bunduki. Lugha yetu imeyapa madini haya na kitokacho katika mtutu jina moja, kama ilivyofanya kwa bati lililomo katika lehemu na mabati ya mapaa yetu. Tena lehemu mpya iliyoenea zaidi ina bati sehemu 96.5, fedha 3 na shaba nusu. Kaka aliposikia hesabu hiyo akasema, "Mwalimu, risasi imetoka, fedha imeingia, na fedha yenyewe imetoka mfukoni mwangu."

Hata hivyo, bei si tatizo kubwa kuliko yote. Lehemu mpya huanza kuyeyuka kwenye nyuzijoto 217 hivi. Fundi hulazimika kuongeza moto, na moto ukizidi, plastiki hulegea na vijia vyembamba vya shaba hubanduka kwenye bao la saketi. Ncha ya chuma cha kulehemia nayo huliwa upesi. Isitoshe, lehemu hii ni nzito kusambaa. Pale ambapo ile ya zamani ilitanda kama mafuta, hii hujikusanya kama tone la maji juu ya jani la mgomba.

Lakini lililonishughulisha zaidi ni la macho. Kaka alifunzwa kwamba kiungo kizuri hung'aa, na kwamba kilichofifia kimeshika vibaya, kitaachia siku yoyote. Lehemu mpya hufifia na kuwa na chembechembe hata kiungo kikiwa imara kabisa. Ishara ni ileile, ila maana yake imehama. Sisi tunaosoma semiotiki darasani tungeliandikia jambo hilo tasnifu. Kibandani kwa kaka lina gharama. Nilimshuhudia kijana mmoja akikitilia shaka kiungo kizima, akakipasha moto mara tatu, mara nne, hadi bao likaungua. Redio ilikuwa ya mama muuza mboga. Kaka alimlipa.

Mbona basi mafundi wasirudie lehemu ya zamani, maadamu ingali inapatikana madukani? Wengi hufanya hivyo, nami siwalaumu upesi. Wana hoja hata kwa wataalamu: bati lisilo na risasi huweza kuota vinyweleo vyembamba kuliko unywele wa mtu, vikaunganisha nyaya zisizopasa kukutana. Vinyweleo hivyo ndivyo vilivyotajwa kuwa chanzo cha kuharibika kwa setilaiti ya Galaxy IV mnamo Mei 1998. Sheria ya Ulaya ilipoandikwa upya mwaka 2011, iliviweka kando waziwazi vifaa vya kijeshi. Kwa Kiswahili chetu, jeshi limeachiwa risasi zake.

Hata hivyo, madhara ya risasi si hadithi. Hudhuru ubongo wa mtoto, na hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Watu wa Owino Uhuru, Mombasa, walioishi jirani na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, wanayajua. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Kaka ana binti wa miaka minne ambaye hupenda kuchezea meza ya kazi.

Mama yetu huogopa moshi. Ukweli ni kwamba kwa joto la chuma cha kulehemia risasi hairuki hewani kwa wingi wa kutisha. Moshi ule mweupe hutokana na utomvu wa msonobari uliotiwa ndani ya waya ili kusafisha shaba, nao huweza kuleta pumu. Risasi hupita vidoleni hadi mdomoni, kwa mandazi yanayoliwa juu ya meza ileile. Na kwa kuwa lehemu mpya hudai moto zaidi, moshi wake haupungui, bali aghalabu huzidi. Anayedhani kuwa kuondoa risasi kumeondoa hatari yote kibandani amedanganywa na jina.

Kwa hiyo ukurasa wangu una amri chache: nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula, usimpakate mtoto kazini, fungua dirisha kwa lehemu zote mbili, usihukumu kiungo kwa mng'ao. Waya wa zamani umewekwa katika kopo jekundu na mpya katika kopo la buluu. Vijana wamekubali neno "risasi" libaki, kwa sharti kwamba nichore fuvu la kichwa kando yake. Sasa wanataka jina la Kiswahili la ule utomvu ulio ndani ya waya. Mmoja amependekeza "dawa," mwingine "ubani," na bado hatujaafikiana.