Masharti ya Kanuni: Vijana Wetu na Vitabu vya Hisabati ya Juu

Mzazi mwenye mtoto katika masomo ya juu bila shaka amepata kuviona vitabu hivi: vinene, vizito, vimejaa alama zisizo herufi za lugha yo yote aijuayo, na bei ya kimoja yaweza kulisha nyumba kwa siku nyingi. Ni vitabu vya takwimu, vya hisabati ya matumizi, na vya hisabati ya fizikia. Mzazi hukifungua kimoja, hukifunga, kisha hujiuliza: mtoto wangu atapata nini humu? Swali hilo ni la haki, na leo twataka kulijibu kwa mambo yatuhusuyo sisi tukaao Moshi, chini ya Mlima Kilimanjaro.

Kwanza tujue ya kwamba elimu hii si ngeni kwa Waislamu. Al-Khwarizmi aliandika huko Baghdad, katika karne ya 9, kitabu ambacho neno al-jabr katika jina lake ndilo lililozaa neno aljebra. Al-Kindi, mtu wa karne hiyo hiyo, alionyesha kuwa maandishi ya siri huweza kufumbuliwa kwa kuhesabu kila herufi hutokea mara ngapi. Na hayo ni miongoni mwa matumizi ya kale kabisa ya takwimu yajulikanayo. Baadaye wengine waliipokea kazi na kuiendeleza. Mwaka 1822 Mfaransa Joseph Fourier alitoa kitabu chake juu ya mwendo wa joto katika vitu, na mwaka 1925 Mwingereza Ronald Fisher, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti wa kilimo, alitoa kitabu cha njia za takwimu kwa watafiti. Vitabu wasomavyo vijana wetu leo ni wajukuu wa hivyo.

Ukivitazama kwa makini utaona jambo moja. Kila kanuni kubwa iliyomo hutanguliwa na neno dogo: ikiwa. Ikiwa kitu hiki hakibadiliki, ikiwa vipimo havitegemeani, ikiwa joto la nje ni lile lile, basi jibu ni hili. Sisi tuliolelewa katika dini hatushangai. Mtoto wa madrasa hufundishwa masharti ya swala kabla ya kufundishwa kuswali: tohara, wakati, kibla. Anayejua rakaa zote na asijue masharti, hajajua swala. Kadhalika anayeishika kanuni ya hisabati akayaacha masharti yake, ameshika maganda, na ndizi imemponyoka. Mlima wetu umeyashuhudia hayo zaidi ya mara moja.

Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Mjerumani, Johannes Rebmann, akitokea upande wa Mombasa, aliona weupe juu ya kilele. Kiongozi wake wa safari hakuwa na jina la kitu kile; alikiita baridi tu. Rebmann akatambua kuwa ni theluji, akaandika habari hiyo Ulaya. Huko London mwanajiografia William Desborough Cooley, ambaye hakupata kufika huku, aliikataa kabisa, akashikilia kuwa theluji haiwezi kukaa karibu na Ikweta. Aliendelea kubisha hata baada ya Baron von der Decken kuupanda mlima hadi mbali katika mwaka 1862 na kuithibitisha theluji.

Je, kanuni kwamba nchi za Ikweta zina joto ni ya uongo? La, ni ya kweli. Lakini ina sharti, nalo ni kimo. Joto hupungua takriban digrii 6 kwa kila mita 1,000 tupandazo. Kilele cha Kibo kipo mita 5,895 juu ya bahari. Tukianza na digrii 27 za pwani, tukatoa digrii 35 hivi kwa ajili ya kimo, twabaki na digrii 8 chini ya sifuri. Hesabu hii aweza kuifanya mtoto wa shule ya msingi. Bwana mkubwa wa London hakukosa elimu. Sharti ndilo lililompita.

Habari ya pili ni ya Mtanzania, Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa kidato cha tatu katika shule ya sekondari ya Magamba, Lushoto, walikuwa wakitengeneza aiskrimu kwa maziwa na sukari. Desturi ilikuwa kuyachemsha maziwa na kuyaacha yapoe kwanza. Siku moja nafasi katika jokofu zilikuwa chache, naye akahofia kuikosa yake, akayatia maziwa yakiwa bado moto. Baada ya muda akaona maziwa yake yameganda, na ya mwenzake, ambayo hayakuchemshwa, bado. Alipomwuliza mwalimu sababu, aliambiwa kuwa amechanganyikiwa. Baadaye, katika masomo ya juu huko Mkwawa, Iringa, aliisoma kanuni ya Newton ya kupoa kwa vitu, akauliza tena, na safari hii akadhihakiwa: ikawa kila akosapo hesabu huambiwa kuwa hiyo ndiyo hisabati ya Mpemba.

Ndipo Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, alipofika shuleni kuzungumza na wanafunzi. Mpemba akasimama na swali lile lile, wenzake wakacheka. Osborne hakucheka. Alirudi Dar es Salaam na kumwomba fundi wake ajaribu. Fundi akaleta habari kuwa maji ya moto ndiyo yaliyotangulia kuganda, akaongeza kwamba ataendelea kurudia mpaka apate jibu sahihi! Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walitoa makala pamoja katika jarida la Uingereza la elimu ya fizikia. Wakati huo Mpemba alikuwa mwanafunzi wa chuo cha wanyamapori cha Mweka, hapa hapa juu ya miteremko ya mlima wetu.

Tuseme basi kuwa Newton alikosea? Hapana. Kanuni yake husema kuwa kitu hupoa upesi kwa kadiri joto lake lilivyo mbali na joto la mazingira yake. Kwa kanuni hiyo pekee maji ya moto lazima yachelewe, maana hayana budi kupita kwanza kwenye digrii zile ambazo maji ya vuguvugu yameanzia. Lakini tazama masharti: ikiwa kiasi cha maji hakipungui, ikiwa joto ni sawa sawa ndani ya chombo chote, ikiwa mazingira hayabadiliki. Maji ya moto hutoa mvuke yakapungua, huzunguka ndani ya chombo, na huweza kuyeyusha utando wa barafu ulio chini yake. Wataalamu wangali wakijadiliana. Mwaka 2016 watafiti wawili wa Uingereza walipima tena wakasema hawakuona ushahidi wa kutosha kuhusu maji. Mwaka 2020 wengine huko Kanada walilionyesha jambo kama hilo katika chembe ndogo mno ndani ya maji. Swali la kijana wa aiskrimu limeingia katika hisabati ya fizikia ya dunia nzima, na jina lake limo.

Habari ya tatu yaugusa ukoo wetu wenyewe. Huko Machame tunacho kihamba tulichoachiwa na wazee, chenye migomba na kahawa, na maji hukijia kwa mfongo. Ndugu yetu mmoja alikuwa amesikia kwamba barafu ya Kibo itakwisha, na ikiisha barafu, maji nayo yamekwisha. Akashauri tukiuze kihamba kabla thamani yake haijaanguka. Akaongeza hoja iliyokuwa nzito kwetu sote: fedha hizo zingemlipia ada na vitabu binti wa marehemu kaka yetu, aliyekwisha kupata nafasi ya kusoma takwimu chuo kikuu.

Wazee walipokutana, binti huyo aliomba ruhusa ya kusema. Alileta karatasi yenye vipimo vya barafu ya Kilimanjaro kama vilivyotolewa na watafiti: mwaka 1912, kilomita za mraba 12.1, mwaka 1953, 6.7, mwaka 1976, 4.2, mwaka 1989, 3.3, na mwaka 2000, 2.6. Akasema, "Shikamooni wazee wangu. Hesabu hizi ni moja, lakini njia za kuzisoma ni nyingi." Ukichora mstari ulionyoka kutoka 1912 hadi 2000 na kuuendeleza, barafu yaisha karibu na mwaka 2024. Ukichukua mwendo wa miaka 11 ya mwisho peke yake, yaisha karibu na 2040. Na ukisema kila mwaka hupotea sehemu ile ile ya kilichobaki, basi barafu hupungua nusu kwa kila miaka 40 hivi, wala haifiki sifuri.

Wataalamu walioandika mwaka 2002, wakiongozwa na Mmarekani Lonnie Thompson, walitaja miaka ya 2015 hadi 2020. Lakini waliweka sharti, ikiwa hali itaendelea vile vile. Midomo ya watu iliibeba miaka ikaliacha sharti. Miaka hiyo imepita, na barafu ingali ipo, ingawa ni kidogo na yazidi kupungua. Kisha binti akaeleza lililo kubwa zaidi kwa mkulima: watafiti wameonyesha kuwa maji ya chemchemi na mito ya mlima huu hutoka hasa katika mvua inyeshayo kwenye ukanda wa msitu, na barafu ya kileleni huchangia kidogo sana. "Baba mkubwa," alimwambia yule ndugu yetu, "tukiuogopa mwisho wa barafu tukausahau msitu, tutakuwa tumelinda mlango usiopitiwa na mwizi."

Ndugu yetu akamwuliza, "Na vitabu vyako, binti yangu, vitatoka wapi?" Akajibu kuwa ataazima. Kihamba hakikuuzwa. Ada ilichangwa na ukoo, kila mmoja kwa kadiri yake, na haikuwa rahisi. Wengine waliuza mbuzi, na mmoja aliahirisha kuezeka nyumba. Miti ilipandwa kando ya mfongo. Sisi hatusemi kuwa binti yule ajua yatakayokuja, maana yajayo ayajua Mwenyezi Mungu. Twasema kuwa alijua kutenga lililothibitishwa na lililokisiwa, na elimu hiyo aliipata katika vitabu vile vile tulivyoviona kuwa ghali.

Basi wazazi, kijana akisomapo ukurasa mmoja kwa jioni nzima, kalamu mkononi, msimwite mvivu. Ndivyo vitabu hivi visomwavyo. Mwulizeni wakati wa chakula awaeleze kwa Kiswahili safi kanuni aliyoisoma na masharti yake. Akiweza kumweleza bibi yake, ameielewa. Akishindwa, na arudi kitabuni bila ya kuona haya. Vitabu vya zamani msivitupe wala msivifungie maandazi, kwani uthibitisho wa hisabati hauozi. Wekeni rafu moja mtaani au madrasani, watoto waazimane. Mabinti wapewe nafasi sawa na kaka zao. Na mwenye kuuliza asichekwe. Ibn al-Haytham wa Basra aliandika kitabu kizima cha mashaka juu ya Batlamyusi, mwalimu mkuu wa falaki, na heshima yake kwa mwalimu huyo haikupungua.

Nanyi vijana, msivisome vitabu hivi kwa ajili ya mtihani peke yake. Mnapoikuta kanuni, litafuteni neno ikiwa, mkae nalo, kisha mtazame mlima, shamba na soko, mwone kama sharti limetimia. Twamwomba Mola awazidishie elimu yenye manufaa, awajaalie uaminifu katika hesabu zenu, na avihifadhi vihamba vyetu, misitu yetu na maji yetu. Amin.